Mlango wa Maabara Uwe Wazi

Katika vitabu vya fizikia vinavyosomwa duniani kote limo jina moja ambalo msomaji wa Unguja au Pemba akilikuta hana budi kusita na kulisoma mara ya pili. Jina hilo ni Mpemba. Wataalamu wa Ulaya, Marekani na Asia hutaja "athari ya Mpemba" wanapozungumzia maji ya moto ambayo, katika hali fulani, huelezwa kuwa huganda kabla ya maji ya baridi. Jina hilo halikutokana na kisiwa chetu cha Pemba. Ni jina la ukoo la mwanafunzi mmoja wa Tanganyika ya wakati huo, Erasto Mpemba. Habari yake wengi tumeisikia nusu nusu. Inafaa leo isimuliwe kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo wazazi, walimu na watendaji wa Serikali katika visiwa hivi tunalihitaji sana.

Mwaka 1963 kijana huyo alikuwa akisoma katika skuli ya sekondari ya Magamba, kwenye milima ya Usambara. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba. Mpemba akaona kwamba akingoja maziwa yake yapoe ataikosa, akayaweka yangali moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yangali uji mzito. Alimwuliza mwalimu sababu yake. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba bila shaka amechanganyikiwa.

Wengi wetu tungaliishia hapo. Mpemba hakuishia hapo. Alikuja kusikia kutoka kwa rafiki yake, muuza aiskrimu wa Tanga, kwamba wauzaji wa huko huyagandisha maziwa yangali moto ili yawahi kuganda. Alipofika skuli ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, na tangu hapo kila alipokosea hesabu alikejeliwa kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hatimaye alasiri moja aliona mlango wa maabara ya biolojia u wazi na mwalimu hayupo. Akaingia, akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba na ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Saa moja baadaye alirudi kutazama. Barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyotiwa maji ya moto.

Baadaye Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akamwuliza swali lile lile. Wanafunzi wenzake walicheka. Mgeni hakumpuuza, bali aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Hivyo ndivyo jina la Moshi lilivyochapwa chini ya swali la kijana aliyeambiwa amechanganyikiwa.

Wataalamu hawajamaliza kubishana. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliahidi zawadi kwa atakayeieleza vyema athari hiyo, kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wa nchi hiyo hiyo walipima upya wakasema hawakuiona kabisa. Mabishano hayo si aibu kwa Mpemba. Ni heshima, kwa sababu mtu habishani kwa miaka hamsini na swali la kipuuzi.

Lakini tunalolitilia mkazo hapa si barafu. Ni ule mlango. Lau siku ile ungalikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo umo katika mtoto wa meza ya mwalimu mkuu, kijana yule angalimaliza masomo yake akiamini kwamba alichokiona kwa macho yake hakikutokea. Twajiuliza ni vijana wangapi wa visiwa hivi waliokwisha kupita mbele ya milango iliyofungwa.

Mlima ambao Mpemba alikwenda kusoma chini yake ulikwisha kuufunza ulimwengu somo hili hili zamani. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu kile, alisema tu kwamba ni baridi. Habari ilipofika London, bingwa wa jiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikataa katakata, maana vitabu vyake havikukubali kuwapo kwa theluji karibu na ikweta. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya safari za von der Decken kuumaliza ubishi huo. Kiongozi yule, ambaye hakuwa na kitabu, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko bingwa, kwa kuwa yeye mlima aliuona.

Watu wa miteremko hiyo walikuwa mafundi kabla ya kujengwa skuli ya kwanza. Mifongo ya Wachagga huyachukua maji katika vijito vya juu na kuyapitisha kwenye kingo na mabonde mpaka katika vihamba vya migomba na kahawa, bila pampu, kwa nguvu ya mteremko peke yake. Mteremko ukizidi, maji hula udongo na kuubomoa mfereji. Ukipungua, matope hutuama na maji hayafiki. Kipimo hicho hakikuandikwa katika daftari. Kijana alikijua kwa kumfuata mzee akiwa na jembe mkononi, akikosea akisahihishwa papo hapo. Kadhalika wahunzi wa Uchagani walifua chuma kilichotoka Ugweno, Upareni, na mwana alijifunza akivuta mivuo ya baba yake.

Skuli na vyuo vilipokuja, vilikuta watu waliozoea kujaribu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya wakulima kuunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mweka ilifuata mwaka 1963, na hospitali ya KCMC ikafunguliwa mwaka 1971. Tangu mwaka 2001 Lyamungu imekuwa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, na miche inayostahimili maradhi ya chulebuni huzalishwa huko na kupelekwa kwa wakulima. Mtoto wa Machame au Kibosho aonaye mzazi wake akibebesha mche wa kahawa amekwisha kuhudhuria somo la biolojia nyumbani. Kazi ya skuli ni kumwonyesha kwamba aliloliona ni sayansi.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na warsha za sayansi na ufundi kwa wanafunzi, ambazo katika miaka ya karibuni zimeenea huko Kaskazini na kwingineko nchini. Katika mji wa Arusha, jirani wa Moshi, iko karakana ya Twende, ambayo fundi baiskeli Bernard Kiwia ni miongoni mwa waasisi wake. Humo vijana hufundishwa kubuni na kuunda zana kwa mikono yao. Mjini Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba, mwaka 2021 ilifunguliwa bustani ya sayansi ambamo wanafunzi huvishika na kuvichezesha vyombo vinavyoonyesha kanuni za fizikia na hisabati. Na jumuiya ya Young Scientists Tanzania, iliyoasisiwa mwaka 2011 na Dakta Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, huwataka wanafunzi wa sekondari wachague swali linalowasumbua nyumbani kwao, walichunguze, kisha wasimame mbele ya waamuzi kulitetea jibu lao.

Mtu asiyewahi kuingia katika warsha ya namna hii aweza kudhani ni mchezo. Tumweleze. Mwanafunzi hupewa betri, waya, globu na swichi, akaambiwa awashe taa. Haiwaki. Mwalimu hamwonyeshi kosa, bali humwuliza umeme umekatika wapi. Mtoto hufuata waya kwa kidole kuanzia ncha moja ya betri hadi ya pili, akakuta mahali ambapo hakumenya mpira. Akaumenya, taa ikawaka. Katika dakika hizo kumi amejifunza kwamba umeme hauna budi kuzunguka njia kamili. Amejifunza pia kwamba kosa lina mahali pake na laweza kutafutwa. Jambo hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mtoto aliyelijua hataogopa pampu iliyozima wala mashine ya mashua iliyogoma katikati ya bahari.

Sasa turudi nyumbani. Kuna watakaosema kwamba Moshi ni mbali na mambo ya mlimani hayawahusu watu wa visiwani. Tunawajibu kwa kuwaelekeza kwenye taa zao wenyewe. Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba tangu mwaka 1980, na waya mpya wa megawati 100 uliongezwa mwaka 2013. Pemba iliunganishwa kutokea Tanga mwaka 2010. Umeme huo hutoka katika gridi ya Taifa, na miongoni mwa mitambo inayoilisha gridi hiyo ni ile ya Mto Pangani, huko Nyumba ya Mungu, Hale na maporomoko ya Pangani. Sehemu ya maji ya mto huo ni yale yanayoteremka kutoka Kilimanjaro, yakipita katika mifongo na vihamba tulivyovitaja.

Tena hatujasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi mmoja bila umeme. Wala hatujasahau giza lililoanza Disemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilinyamaza, akina mama wakabeba ndoo, samaki wakaoza, na wenye uwezo wakanguruma na majenereta. Siku zile kila mtu alijua kwamba nchi haiendeshwi kwa hotuba. Inaendeshwa pia na mtu mwenye bisibisi na kipima umeme anayejua aguse wapi na asiguse wapi. Mtu huyo haokotwi siku ya shida. Huanza kutengenezwa akiwa na umri wa miaka kumi, siku ya kwanza aliporuhusiwa kuiwasha taa yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba hatukuanzia patupu. Elimu bila ya malipo ilitangazwa hapa mwaka 1964. Chuo cha Ufundi cha Karume pale Mbweni, ambacho leo ni Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, kimetoa mafundi kwa zaidi ya nusu karne. Vituo vya mafunzo ya amali vipo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Hata Wizara yenyewe inaitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba ilimu bila ya amali ni mti usiozaa. Huko bara nako, mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imefungua mkondo wa amali kuanzia sekondari. Maneno, basi, tunayo. Lililobaki ni kuyafikisha katika vidole vya mtoto wa skuli ya msingi.

Vikwazo tunavijua, na haifai kuvificha. Cha kwanza ni mtihani. Kwa miaka mingi, nchini mwetu, skuli zisizokuwa na maabara zilifanya mtihani mbadala wa vitendo. Mwanafunzi alieleza kwa kalamu angelifanya nini kama angelikuwa na vifaa. Mazoea hayo yaliacha mizizi. Hadi leo wapo wanaokariri rangi ya mchanganyiko bila kuwahi kuuona, kama mtu anayesimulia utamu wa embe asilolila. Mwalimu hawezi kulaumiwa peke yake. Anafundisha kile kitakachopimwa. Wanaotunga mitihani wakipima mikono, mikono itafundishwa.

Cha pili ni fedha. Hapa twaona visingizio vimezidi kweli. Maabara kamili ni ghali, lakini jaribio si lazima liwe ghali. Walimu wa kujitolea waliofundisha sayansi Tanzania bara waliwahi kutayarisha miongozo waliyoiita "Shika na Mikono", ikionyesha namna ya kufundisha kwa vitu vya dukani na jikoni. Maji ya choya hugeuka wekundu mkali yakitiwa ndimu, na hubadilika yakitiwa magadi. Hapo mwanafunzi ameziona asidi na alkali bila ya chupa iliyoagizwa ng'ambo. Mabomba mawili ya sindano, mapya na yasiyo na sindano, yakiunganishwa kwa mpira na kujazwa maji, huonyesha jinsi jeki inavyoinua gari. Na mtoto wa Pemba, ambako mafuta hukamuliwa katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, aonyeshwe namna mvuke unavyoyabeba mafuta ya mkarafuu na kuyaachia pale unapopoa. Hilo ni somo la kemia, na limekaa mlangoni pake.

Cha tatu ni lugha. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hatuingii leo katika mjadala huo. Tunasema tu kwamba mtoto anayetafuta maneno hukosa muda wa kutafuta sababu. Katika warsha aachwe aulize kwa lugha aliyonyonya. Taa haijali imewashwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na jina la kigeni la kitu hukaa vizuri zaidi kichwani mwa aliyekwisha kukishika.

Cha nne ni hofu. Mwalimu huogopa vifaa vitavunjika na yeye ataulizwa. Mzazi huogopa binti yake ataonekana akishika msumeno. Kifaa kilichovunjika kwa kutumiwa kimefanya kazi yake, na kilichokaa kizima kabatini kwa miaka kumi hakijafanya kazi yoyote. Tunawaomba wakaguzi wa hesabu na wakaguzi wa skuli wakubaliane kwa maandishi juu ya jambo hili, ili mwalimu mwenye bidii asiadhibiwe kwa bika mbili. Ama kuhusu mabinti, wanaolima mwani katika pwani zetu wengi ni wanawake, na joto la bahari linalouharibu mwani huo linawasubiri wao walipime na kulitafutia dawa.

Lipo pia jambo ambalo hatuna budi kulikemea. Ziko warsha ambazo ni sherehe tu. Huja mgeni, hufungwa vitambaa, hugawiwa fulana na vyeti, hupigwa picha, na jioni vifaa hupakiwa garini vikarudi vilikotoka. Mtoto hubaki na fulana. Warsha ya namna hiyo haijengi fundi. Inampa mtoto hamu kisha inamfungia mlango. Afadhali saa mbili kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na sanduku moja la zana linalobaki skulini, kuliko siku tatu za shangwe.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, kila kituo cha walimu, Unguja na Pemba, kiwe na sanduku la zana na vifaa vya majaribio linalozunguka katika skuli za jirani, na orodha ya matumizi yake ikaguliwe kwa kuuliza limetumika mara ngapi, wala si limebaki zima kiasi gani. Pili, taasisi ya Karume na vituo vya amali vifungue karakana zao kwa wanafunzi wa msingi na sekondari siku za mapumziko, chini ya uangalizi wa wanafunzi wao wakubwa. Tatu, kila skuli yenye maabara iteue alasiri moja katika wiki ambapo mlango utakuwa wazi, mwalimu au fundi wa maabara akiwapo, na mwanafunzi aruhusiwe kuja na swali lake mwenyewe. Nne, Wizara ya Zanzibar na mikoa ya Tanga na Kilimanjaro ziandae ziara za kubadilishana. Watoto wetu wavuke hadi Tanga na waendelee mpaka Moshi, wauone mfongo, wauone mche wa Lyamungu, na watoto wa mlimani waje kuuona mwani na kiwanda cha makonyo.

Ziara hiyo ina haraka yake. Barafu iliyomshangaza Rebmann inatoweka. Kati ya mwaka 1912 na 2011 asilimia 85 hivi ya eneo lake ilikwisha kupotea. Kwa nini inapotea, mvua za miteremko zitakuwaje, na maji ya Pangani yatatosha vipi kuendesha mitambo, ni maswali yatakayojibiwa na watu ambao leo wako darasa la nne. Watayajibu kwa kupima. Hawatayajibu kwa kukariri.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika skuli zetu usemi huo umeandikwa kutani mara nyingi na kuheshimiwa mara chache. Mtoto akiuliza jambo ambalo mwalimu halijui, mwalimu asimcheke wala asimtishe. Amjibu kama yule mgeni wa Mkwawa alivyomjibu Mpemba: hebu tulijaribu. Na ili walijaribu, mlango wa maabara uwe wazi.